Macho ya Karafuu

Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Matawi, wanawake katika visiwa vingi vya Ugiriki huoka mikate midogo yenye umbo la mtu. Mtu mwenyewe ni Lazaro, yule aliyeitwa kutoka kaburini siku ya nne. Amezungushiwa sanda ya kinyunya, mikono imepishana kifuani, na kwa kuwa Kwaresima bado haijaisha hakutiwa yai, siagi wala maziwa. Macho yake ni karafuu mbili nzima, zilizochomekwa kabla mkate haujaingia tanurini. Sidai kwamba karafuu hizo zilianikwa Wete. Nyingi zinazovunwa duniani leo ni za Indonesia. Ila Mgiriki huiita garifalo, sisi twaiita karafuu, na sikio halihitaji mwanaisimu ili kusikia udugu huo.

Nimeanzia jikoni makusudi. Mwaka 2024, 2025 na 2026, Kwaresima ya Waorthodoksi na Ramadhani ziliandamana, kila mara zikianza ndani ya juma moja. Penye sadfa kama hiyo hotuba huwa tayari: sote tunafunga, basi sote ni wamoja. Nia ni njema, ulinganisho ni wa haraka. Kwenye kufunga kwenyewe ndiko mila hizi mbili zinakoachana kuliko kwingine kote. Zinakokutana ni kwenye ufagio, chokaa, kalafati na moshi wa ubani, mambo ambayo hayapandi mimbarini wala altareni.

Kwa upande wa Wagiriki nitasimama Hydra, kisiwa kidogo chenye watu wapatao 2,000, kusini ya Athens kwa safari isiyofika saa mbili na nusu ya boti. Kwa upande wetu nitasimama Lamu. Sababu ya kwanza ya kuviweka pamoja ni nyepesi: punda. Hydra magari ya watu binafsi yamepigwa marufuku, na ukiondoa gari la taka na mengine machache ya dharura, saruji, friji, masanduku ya wageni na maiti vyote huenda kwa miguu minne au miwili. Lamu bodaboda zimeshaanza kuingia, lakini mji wa kale bado ni wa punda, na tangu 1987 punda wa Lamu wana hospitali yao, jambo ambalo watu wa vijiji vingi vya bara hawawezi kujisifia.

Sababu ya pili ina uzito zaidi. Miji yote miwili ilijengwa na bahari, kisha bahari ikaipa kisogo. Manahodha wa Hydra walitajirika wakati wa vita vya Napoleon kwa kupenyeza nafaka kwenye bandari zilizozingirwa na Waingereza. Majumba yao ya mawe bado yamepanda mlima kama watazamaji wa uwanjani. Uasi dhidi ya Waturuki ulipoanza 1821, merikebu hizo za biashara ziligeuka jeshi la majini, na Andreas Miaoulis wa hapo akawa amirali. Meli za moshi zilipokuja, Hydra ikalala. Lamu nayo ilijengwa na pembe, boriti na, tusifiche, watumwa. Reli ilipoanza kujengwa Mombasa 1896, majahazi ya Lamu yakabaki yakingoja shehena. Walioziamsha nyumba za pande zote mbili ni wageni waliokuja kununua kuta kuukuu kwa bei ya chini. Leonard Cohen alinunua yake Hydra mwaka 1960 kwa dola 1,500. Bei za Shela, Lamu, za siku hizi sizitaji, nisije nikamtia mtu uchungu.

Machi, kabla ya watalii kujaa, Hydra inarudi kwa wenyewe. Huko mvua hunyesha wakati wa baridi na kiangazi karibu hakina tone, kwa hiyo kijani chao huja na baridi na hufa na joto. Kwa majuma machache tu vilima vilivyo vikavu sehemu kubwa ya mwaka huvaa nyasi, maua mekundu ya porini hujitokeza kati ya mawe, na harufu ya maua ya mlimau hushuka vichochoroni. Wanawake wenye umri, kisu mkononi na mfuko wa plastiki kiunoni, huinama kwenye matuta ya zamani wakichuma majani ya porini. Yapo machungu kwelikweli, ukoo mmoja na mchunga wetu. Huchemshwa, hukamuliwa ndimu, hutiwa mafuta ya zeituni. Mtu wa Tanga angekaa kwenye meza hiyo bila kuuliza chochote, isipokuwa nazi iko wapi.

Bandarini mashua zimepandishwa nchi kavu. Zinakwanguliwa, zinapakwa rangi, nyufa zinazibwa. Fundi wa kazi hiyo kwa Kigiriki ni kalafatis. Nikikwambia kwamba Lamu na Matondoni kazi hiyohiyo ni kupiga kalafati, huenda ukanishuku nimetunga. Sikutunga, neno hilo limezunguka bahari mbili pamoja na pamba yake na nyundo yake. Kinachotofautiana ni kinachofuata: sisi hupaka sifa juu na deheni chini, wao hununua rangi ya kopo.

Kisha chokaa. Siku za mwisho kabla ya Pasaka, kila mwenye ukuta huupaka, na asiye na ukuta hupaka kingo za ngazi na mifuo kati ya mawe ya njia, hata kichochoro kizima kinaonekana kama kimechorwa wavu mweupe. Wanaume hushika brashi, lakini anayesema wapi hapajapakwa ni mwanamke. Mazulia hutundikwa ukutani, makabati husogezwa, shaba husuguliwa kwa ndimu. Hapa ndipo ninapoiona Shaabani ya kwetu: mapazia yanafuliwa, mikeka inatolewa jua, sufuria zinasuguliwa kwa majivu, unga wa uji unasagwa, na baba anatumwa dukani mara tano kwa siku moja kwa vitu ambavyo vingeweza kununuliwa kwa safari moja. Nyumba huandaliwa kwa ajili ya mgeni asiye na mwili. Huko mgeni huyo ni siku kuu yenyewe. Kwetu ni mwezi, na twasema waziwazi kwamba unakuja na unaondoka, tukiuaga kwa machozi misikitini.

Wagiriki nao wana vunja jungu, ila lao lina ngazi. Kwanza huja Alhamisi ya moshi, ambapo mji mzima huchoma nyama barabarani. Baadaye nyama husimama, na kwa juma moja wanabaki na jibini na mayai. Hatimaye Jumatatu Safi, siku ya kwanza ya mfungo, ambayo mgeni angeidhania ni sikukuu: watu hupanda vilimani na watoto wao kurusha vishada, hula zeituni, mkate bapa wa ufuta, ngisi, na halua. Ndiyo, halua, neno letu lilelile, ingawa yao ni ya ufuta uliosagwa na haivutiki kama ile ya Zanzibar. Kwetu mambo ni ghafla zaidi. Usiku mmoja watu wako juu ya paa wakiutafuta mwezi, na alfajiri yake midomo imefungwa.

Hapo ndipo njia zinapogawanyika. Mfungo wa Ramadhani ni mfungo wa saa. Hauulizi unakula nini, mradi ni halali. Unauliza ni saa ngapi. Kati ya alfajiri na magharibi hata maji hayapiti, na magharibi ikiingia chungu kiko huru: uji wa pilipili manga, kaimati, mihogo ya nazi, samaki wa kupaka. Mfungo wa Hydra ni mfungo wa chungu. Hauulizi saa, unauliza kilichomo. Kwa siku 48, kuanzia Jumatatu Safi hadi Jumamosi Kuu, kanuni inakataza nyama, mayai, maziwa na samaki, na siku za kazi hata mafuta. Mtu anaweza kushiba saa nne asubuhi na bado amefunga. Samaki anaruhusiwa mara mbili tu, Jumapili ya Matawi na tarehe 25 Machi, siku ya Bikira Maria kupashwa habari na pia sikukuu ya taifa ya ule uasi wa 1821. Siku hiyo watoto wa shule huandamana bandarini na jikoni kunanuka chewa mkavu wa chumvi aliyekaangwa, na kitunguu saumu kilichopondwa. Sema ng'onda, utakuwa hujakosea sana. Kwa kweli wengi siku hizi hufunga juma la kwanza na la mwisho tu, na mikahawa huandika kwenye vibao vyakula "vya mfungo" kwa wanaotaka wepesi, kama maduka yetu yanavyopanga tende mlangoni mwezi wa Shaabani.

Tofauti hii ya saa na chungu inabadili sura ya mtaa mzima. Lamu mwezi wa Ramadhani mchana umesinzia: mikahawa imefungwa, sauti zimeshuka, na baada ya tarawehi ndipo mji unapoamka, mabaraza yanajaa, kahawa inamiminwa hadi karibu na daku. Hydra wakati wa Kwaresima mchana ni uleule wa nyundo na brashi, na usiku watu wanalala mapema. Mtalii asiyeangalia sahani anaweza kukaa juma zima asijue kwamba kuna mfungo.

Katika sahani hiyo ndimo alimo pweza. Kanuni ya kale ya Kiorthodoksi huwahesabu viumbe vya bahari visivyo na damu kama yetu kuwa si nyama wala samaki: pweza, ngisi, dome, kamba, kome. Ndiyo maana Kwaresima ya kisiwani haina huzuni sana. Mediterania haina bamvua ya kutajika, maji hayatoki ukaachiwa mwamba utembee kwa miguu kama kina mama wa Jambiani wafanyavyo na vijiti vyao. Mvuvi hutumia mashua, ndoo yenye kioo chini, na mkuki. Akishapatikana, mengine yanafanana: hupigwa juu ya jiwe mpaka alegee, kisha hutundikwa kwenye kamba juani kama nguo. Nikimtazama ndipo ninapokumbuka kwamba Kisiwa Panza, Pemba, kuna mfungo wa tatu ambao si wa dini yoyote. Wavuvi wamekubaliana kuufunga mwamba kwa miezi mitatu ili pweza wakue, na siku ya kuufungua kijiji chote huteremka pwani kama siku ya Idi. Nao husema tu kwamba wamefunga, na Kiswahili hakioni tofauti.

Watoto wa Kigiriki huhesabu majuma kwa msaada wa bibi mmoja wa karatasi au wa unga. Jina lake ni Bibi Kwaresima. Ana miguu saba, mikono imefungamana kwa sala, na hana mdomo. Kila Jumamosi hukatwa mguu mmoja. Ukiisha wa saba, Pasaka imefika. Mdomo hakupewa kwa sababu hali, na pia, wanasema, kwa sababu hasengenyi. Nimempenda bibi huyu kuliko mahubiri mengi. Sisi twahesabu kwa makumi: kumi la rehema, kumi la maghufira, kumi la kuachwa huru na moto. Na twasema saumu ya tumbo bila ya ulimi ni njaa tu. Lakini hatukumpa ulimi huo sura ambayo mtoto wa miaka mitano angeweza kuikata kwa mkasi.

Jioni za Ijumaa tano za Kwaresima kanisa hujaa, na wengi ni wanawake waliotoka kazini. Husomwa wimbo mrefu wa kumsalimia Maria, uitwao Akathisto, maana yake "bila kukaa": husikilizwa kwa kusimama. Neno la salamu hurudi na kurudi, kila ubeti sifa mpya. Mtu yeyote aliyekulia pwani atajua alipowahi kuuona mwili ukifanya hivyo. Katika Maulidi ya Barzanji, msomaji akifika penye kuzaliwa Mtume, watu wote huinuka, huo ndio wakati wa kiyamu, marashi yakarushwa na chetezo kikapita. Imani hazifanani, wanaosalimiwa si mmoja, na msimu si uleule, kwa maana Maulidi ni ya Mfunguo Sita. Kinachofanana ni kwamba mapenzi yamekataa kukaa kitako. Na moshi ni mmoja: Mgiriki husema livani, Mwarabu lubani, sisi ubani. Mti wenyewe humea Somalia na Dhofar, na mabaharia waliozungumza Kigiriki walikuwa wakiununua kwenye pembe hii ya Afrika tangu karne ya kwanza.

Sasa nirudi kwenye mwezi, maana hoja yangu yote inaning'inia hapo. Pasaka na Ramadhani zote hutegemea mwezi, lakini Pasaka imeufunga mwezi kamba na kuupigilia kwenye majira. Tangu Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, Pasaka ni lazima iangukie baada ya mchana na usiku kulingana, na Waorthodoksi bado huhesabu kwa kalenda ya Julius iliyobaki nyuma siku 13, kwa jedwali la mizunguko ya miaka 19. Hakuna bibi wa Hydra anayepanda paani kuutazama mwezi, na hakuna ugomvi wa "mwezi wa Saudia" na "mwezi wa hapa". Ramadhani haikufungwa kamba. Inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na katika miaka 33 hivi huwa imepita kiangazi, masika, vuli na kipupwe. Kwa hiyo haina chakula chake cha shambani wala ua lake. Ina chakula cha saa yake.

Kwaresima ya kisiwani ni ya ardhi moja na majira mamoja. Hufika wakati akiba za majira ya baridi zimekaribia kuisha na majani ya porini yamechipua bure. Kondoo wamezaa, maziwa huachiwa wanakondoo. Kuku nao, mchana unavyorefuka, huanza kutaga kwa wingi wakati hasa ambapo hakuna anayeruhusiwa kula yai. Mayai hurundikana. Alhamisi Kuu huchemshwa yote, huchovywa rangi nyekundu, na kungoja usiku wa Jumamosi. Padri atakueleza kwamba nyekundu ni damu ya Kristo, na ni kweli kwa imani yake. Mwenye banda la kuku anajua pia hesabu ya mayai.

Jambo hili hulielewi vizuri mpaka uusafirishe mfungo wenyewe. Reuben Spartas alilianzisha Kanisa la Kiorthodoksi Uganda mwaka 1929 bila mmisionari wa Kigiriki kumtangulia, na leo wako waumini Kenya na Tanzania pia, chini ya Patriaki wa Alexandria. Riruta, Nairobi, ipo seminari yenye jina la Askofu Mkuu Makarios III wa Kupro. Usiku wa Pasaka huamkiana "Kristo amefufuka" na kujibiwa "Kweli amefufuka", kwa Kiswahili safi. Lakini Pasaka hiyo imewakuta kwenye masika, viatu vina matope na jembe liko mkononi. Kalenda inawaambia wajinyime nyama, maziwa na mayai, wabaki na maharage na mboga za majani. Kwa familia nyingi hicho ndicho chakula cha Januari hadi Desemba. Mwaka 2024, nchi ilipopumzika kwa Pasaka ya tarehe 31 Machi, wao walikuwa bado katikati ya mfungo. Yao ilifika Mei 5. Ramadhani, isiyotegemea kondoo wala kuku, ilipofika pwani yetu haikuhitaji kubadilishwa kitu. Sisemi hii ni bora kuliko ile. Nasema mfungo wa saa husafiri vizuri, na mfungo wa chungu huhama na jiko lake.

Juma Kuu lenyewe limeandikwa na wengi, nitalipita haraka. Jumanne usiku huimbwa wimbo wa Kassiani, mwanamke mtunzi wa karne ya tisa, na hata wasioonekana kanisani mwaka mzima hufika kuusikia. Alhamisi usiku wanawake na wasichana hukesha wakilipamba jeneza la Kristo kwa maua ya mlimau, waridi na yote ambayo majuma yale machache ya kijani yameacha. Ijumaa Kuu bendera hushushwa nusu mlingoti, kengele hulia moja moja, na kwenye nyumba nyingi hakipikwi zaidi ya dengu zilizotiwa siki.

Usiku wa Ijumaa hiyo, Kamini, bandari ndogo iliyo pembeni ya mji wa Hydra, vijana hulibeba jeneza la maua mabegani, hushuka nalo ngazi, na badala ya kusimama ufukweni huingia baharini wakiwa na nguo zao, maji mpaka kiunoni. Padri husoma dua ya mabaharia na ya waliozama. Watu wamesimama ukutani na mishumaa, mashua zimetulia. Hakuna chochote katika Ramadhani ya Lamu kinachofanana na hicho, na anayetaka kulilinganisha jeneza hili na jambo la kwetu asitafute Ramadhani. Aende kwa Mashia Ithnaasheri wa Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam siku ya Ashura, Mfunguo Nne, awaone wakimlilia Husein mitaani. Hapo atakuta maombolezo kwa maombolezo. Walinganishaji wetu wamezoea kupanga dini na dini, mfungo na mfungo, wakati mwenzake wa Ijumaa Kuu yuko mwezi mwingine kabisa na madhehebu mengine kabisa.

Kuna hesabu moja ambayo pande zote mbili zimeafikiana bila kushauriana. Jumapili za Wagiriki huhesabiwa kutoka Pasaka, na miezi ya Waswahili kutoka Idi: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Tisa. Hesabu huanza pale watu wanapofungua.

Mwaka 2027 mifungo hii miwili itaachana. Jumatatu Safi itakuwa tarehe 15 Machi, na kufikia hapo Idi itakuwa imeshapita siku chache.